Hodi, Haldavia

Ghala lilikuwa la korosho. Hata sasa,
mvua ikinyesha, kuta zinakumbuka:
harufu ya mafuta ya ganda inapanda
katikati ya viti sitini na skrini sitini,
na msimamizi Nandonde anafoka, washeni feni.

Umeme haukatiki humu. Gesi ya Msimbati
inapita chini ya miguu yetu, kwetu kwanza,
kisha hospitali ya Ligula, ikibaki.

Mimi ni Somoe Chilumba, jicho namba mia nne na saba.
Nikivaa kofia ile, sipo tena Chikongola.
Nipo Haldavia,
nchi ya Ulaya ambayo sijaikanyaga
ila naijua ngazi kwa ngazi, mfereji kwa mfereji,
kuliko ninavyoijua njia ya kwa shangazi, Nanyamba.

Huko theluji ni nyeusi. Huko matangazo ya angani
humwita kila mtu kwa jina lake na kwa deni lake.
Huko macho hukodishwa.
Mtu akizeeka, akaanza kuona ukungu,
Kampuni humpa mboni mpya, za kioo na waya,
za kulipia kila mwezi.
Akishindwa mwezi wa tatu, hutumiwa mashine mlangoni.
Mashine ina miguu sita.
Miguu sita inaendeshwa na vidole vyangu kumi.

Vidole vya mama walivikataa.
Tulikuja siku moja, kanga yake imepigwa pasi,
akaweka kidole gumba kwenye kioo, kioo kikanyamaza.
Miaka kumi na tisa ya kubangua korosho:
utomvu umekula mistari yote.
"Huyu hana mtu ndani," kijana wa usajili alisema, akicheka,
na mama naye akacheka, kwa adabu,
akaenda kunisubiri nje, juani.

Jumanne, saa tano usiku hapa, saa nne kule
(tumepishana saa moja tu, watu hawaamini),
nikapelekwa mtaa wa Chini ya Reli, ghorofa ya thelathini na moja.
Bibi mmoja. Irmelin Hask. Miezi mitatu hajalipa.
Alikuwa mezani, anakula kitu kutoka kwenye kopo,
kila punje akiigawa mara mbili kwa meno.
Nikakuza picha.
Korosho. Vipande, si nzima; daraja la mwisho.

Nina sentensi nne tu, zimerekodiwa Kihaldavia:
Usiogope. Tazama juu. Usipepese. Asante kwa kuwa mteja.
Lakini mlango wake ulikuwa wazi,
na mimi sikulelewa hivyo.
Kitu kikanitoka kabla sijakizuia:
"Hodi."

Akaacha kutafuna.
Akaitazama ile mashine, taa zake, kucha zake,
kama mtu aliyesikia jina lake la utotoni sokoni.
Kisha akasogeza kiti cha pili.

Nikafanya kazi yangu.
Sekunde kumi na moja. Mboni zikazimika,
ya kushoto, halafu ya kulia.
Asante kwa kuwa mteja.

Walinikata siku mbili kwa neno lisilo kwenye orodha.
Alhamisi nikapita ghorofa ile ile, nafuata deni la jirani.
Mlango bado wazi. Kopo tupu.
Akasikia miguu sita kwenye sakafu,
akageuza uso upande ambao siko.
"Odi?" akasema. "Odi?"

Kipaza sauti changu walikuwa wamekifunga.

Alfajiri nikatoka. Madimbwi mpaka Magomeni,
viatu mkononi.
Mama yuko ndani, taa hakuwasha,
nasikia ungo, anachambua mchele kwa kupapasa.
Nikasimama nje ya mlango wetu wenyewe,
mkono juu, muda mrefu,
hata nyayo zangu akazisikia.

"Nani?" akauliza.